Kopa Kwenye Ubao wa Kichwani

2 Machi

Dada yangu,

…na bado hujanijibu lile swali langu. Wewe ulipoolewa, ulikuwa unaamka asubuhi, unamkuta mtu ubavuni mwako, unajiuliza huyu ni wangu kweli au nimeazimwa? Maana mimi mpaka leo nashtuka. Namwangalia Fundi amelala, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi hata baada ya kuoga, nacheka peke yangu kama mwehu. Akiamka anauliza, "Unacheka nini?" Namwambia, "Naitazama mali yangu." Anavuta shuka anajifunika uso. Ana haya mume wangu, dada! Hiyo haya ndiyo itakayoniua.

Najua umeshakunja uso, unasema Redio imeanza. Haya, nabadilisha stesheni. Biashara inakwenda! Uliniambia mteja nisimbembeleze anisifie, nimrudie tu nikaone alichonunua kinamtumikiaje. Ndivyo nifanyavyo. Kitanda cha mtoto kikishatoka karakana, naacha wiki chache zipite, kisha nabisha hodi kwa mwenyewe nikiwa na bisibisi na kitambaa. Nakaza skrubu zilizolegea, nafuta vumbi, naaga. Sidai kitu. Watu wanashangaa! Mama Pacha, yule wa ghorofa ya tatu, aliniambia, "Binti, fundi aliyenitengenezea sofa tukikutana njiani anavuka barabara." Kesho yake alimleta dada yake. Dada yake akamleta mwalimu wa hesabu anayefundisha naye. Mwalimu akamleta Mshona Suti, ambaye mkewe anatarajia. Hatuna kibao mlangoni, hatuandiki hata jina la mtu. Anayeingia tunamuuliza tu, "Umetumwa na nani?" akishajibu basi ni ndugu.

Na wote wakifika wanasema, "Nataka kile cha kopa."

Kopa ni wazo langu! Ile alama ya moyo, dada, imetobolewa katikati ya ubao wa kichwani. Fundi alitaka dogo, la kupitisha vidole viwili. Nikamwambia hapana, toboa kubwa, mama akiinama upande wa pili auone uso wote wa mwanawe ndani ya moyo. Akakuna kichwa kwa penseli. Nikamwangalia kwa yale macho. Akatoboa kubwa. Ungemwona alivyolipiga msasa, polepole, kama anampapasa mtu shavu. Nilisimama nyuma yake nikasema moyoni, Mungu, nisizeeke mbali na mikono hii.

Basi kimoja ni cha Malkia wetu, binti yako. Kinakuja na lori la dawa za zahanati yako, nimemkabidhi Dereva kwa mkono wangu. Mwanangu aanze kulala kimalkia.

Mdogo wako mwenye furaha kupita kiasi,
Redio


11 Machi

Redio,

Swali lako nalijibu hivi: nilipoolewa nilikuwa naamka kwanza, nawahi zamu. Mtu wa kumtazama usingizini sikuwa na nafasi naye. Lakini nimecheka mpaka muuguzi mwenzangu akaja kuuliza kama nimepata uhamisho.

Kitanda kimefika. Ni kizuri, kizuri mno. Mwambie shemeji mikono yake isikauke. Malkia analala humo kama malkia kweli, hata simsikii. Hapa zahanati kila mama anayekuja kliniki namhubiria vitanda vyenu. Mkunga akisifu kitanda, nani atambishia?

Endelea kuwarudia wateja wako. Mtu hasahau aliyerudi bila kuitwa. Na punguza kumtazama mumeo akiwa amelala, siku moja atafumbua macho akimbie.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Barua yako imefika. Sisi wazima. Karakana haijambo.

Kuna jambo dogo tu, usishtuke. Fundi anasema vanishi ya kile kitanda ilitoka kopo bovu, harufu yake inaweza kumsumbua mtoto kifua. Kwa hiyo mtoe Malkia kwa muda. Mlaze nawe. Hata ukiona hakinuki, mtoe tu, unifanyie mimi hisani.

Halafu, ameanza kusimama? Akisimama anashika nini? Anapenda kuingiza kichwa mahali? Ukipata nafasi mpime kichwa kwa uzi, unikatie huo uzi uniletee. Na shingo pia.

Na usiwasifie tena vitanda kwa sasa. Tuna kazi nyingi, hatutawahi.

Nilimuuliza Dereva kama kitanda kilifika salama. Akasema, "Kimefika pazuri sana, bibi harusi," akacheka. Nimeshukuru. Lakini mtoe.

Redio


27 Machi

We Redio,

Umepatwa na nini? Barua nzima hamna hata ukucha wa Fundi. Mmegombana? Kama mmegombana niambie, nije nimvute masikio, au nikuvute wewe, maana nakujua.

Eti nipime kichwa kwa uzi! Mimi nimepokea vichwa vingi kuliko mikate uliyokula tangu uzaliwe, hakuna hata kimoja nilichokipima kwa uzi wa kushonea. Kama unamshonea kofia sema, nitafurahi. Na shingo ya nini, mkufu? Malkia hajambo. Ndiyo, anasimama! Anashika chochote kilicho mbele yake, kiti, sketi yangu, masharubu ya babake, halafu magoti yanamwishia anakaa puu. Utatamani kumla.

Vanishi hainuki hata kidogo. Usijitie presha bure. Na kusifia nimeshasifia, mdomo haurudi nyuma. Kina mama wawili wameapa kumwagiza Dereva awaletee vya kopa.

Sema kweli, una mimba? Wanaoanza mimba ndio wanaoandika hivi.

Dada


2 Aprili

Dada,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nenda ukamtoe Malkia kwenye kile kitanda. Nenda. Barua itakungoja.

Vanishi haina kosa. Nilikudanganya.

Nilikwenda kwa Mama Pacha kukaza skrubu kama kawaida. Mlango ulikuwa wazi, mwenyewe yuko jikoni anaimba. Pacha mmoja amelala. Wa pili amesimama kichwani mwa kitanda, uso wake umetokeza kwenye kopa, ananitazama. Nikafurahi! Nikasema, ndivyo nilivyotaka, uso ndani ya moyo. Nikamwambia, "Hujambo, bwana mdogo!" Dada, nilimsalimia. Nilisimama pale nikamsalimia.

Hakuwa anacheka. Kichwa kilikuwa kimepita pale juu penye upana, magoti yakamwishia, akashuka nacho mpaka kwenye ncha ya chini, pale moyo unapobana, na shingo ikakaa humo kama ilipimiwa. Midomo ilikuwa na rangi ambayo wewe unaijua kwa kazi yako, mimi sikuwa nimewahi kuiona. Sauti hakuna. Mama yake anaimba jikoni kwa sababu nyumba imetulia.

Nikamvuta, akazidi kubanwa. Nikaacha kuvuta nikamwinua juu, juu, mpaka kichwa kikafika penye nafasi kikatoka. Akakohoa, akalia. Sijapenda kilio kama nilivyokipenda kile. Mama Pacha akatokea na mwiko mkononi. "Kumbe umefika! Mbona unanilizia mwanangu?"

Nikasema, "Kaamka vibaya."

Kisha nikakaza skrubu. Nilipiga magoti, nikakaza moja baada ya nyingine, nikafuta vumbi. Akaniambia jirani yake wa chini naye anataka kile kile cha kopa. Nikasema karibu sana. Nikaondoka, dada! Nikamwacha yule mtoto ndani ya kile kitanda nikaondoka, kwa sababu niliona mdomo mmoja ukianza kusema vibaya, kesho ni midomo yote, na Fundi hana kitu kingine duniani ila jina lake na mimi.

Nilipofika nje nikarudi mbio, nikamwambia vanishi inanuka, awalaze pacha chini kwa muda. Uongo huo huo niliokuandikia wewe. Halafu zikapita siku sikumwambia mtu. Fundi alikuwa anapiga randa huku anapiga mluzi, ananiuliza, "Mke wangu, mbona redio imezimwa?" Nikitazama ubao wowote naona uso. Akinishika shingoni kwa mapenzi naruka.

Barua yako ndiyo iliyonimaliza. "Anashika chochote kilicho mbele yake, halafu magoti yanamwishia." Niliisoma nimesimama, nikakaa chini sakafuni palepale. Nikamwita Fundi, nikamwambia yote.

Alichukua ubao wa kopa uliokuwa mezani, akaingiza ngumi yake pale juu, akaishusha. Ikanasa kwenye kifundo cha mkono. Akabaki hivyo, mkono umenasa kwenye moyo wake mwenyewe, ananiangalia. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Vaa viatu."

Tulianza kwa Mama Pacha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ulikaza skrubu. Mwanangu alikuwa anakufa, wewe ukakaza skrubu." Akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Nikajua anakwenda polisi. Kumbe alikwenda kwa dada yake, dada yake akaenda kwa mwalimu wa hesabu, na habari ikapita njia ileile iliyotuletea wateja, mlango kwa mlango, lakini sasa inakimbia. Sijui huko njiani tuliitwa nani. Ninachojua, kila tulipobisha hodi tulikuta wanatungoja na kitanda kimegeuzwa uso ukutani. Kwa mwalimu sikukaribishwa kuketi. Mkewe alimshika mtoto kwa mikono miwili muda wote kana kwamba kopa lenyewe ni mimi.

Mshona Suti ndiye pekee aliyekataa. "Msiniharibie kitanda changu, hilo kopa ndilo nililolilipia. Mimi nikikuuzia suti, nakuja kwako kuishona mifuko?" Fundi akakaa kwenye ngazi yake, akasema haondoki pale. Akakaa. Wateja wa suti wanamruka kuingia. Mwishowe mkewe akatoka na tumbo lake akasema, "Mpisheni azibe, au nyie wanaume mtazaa wenyewe?"

Fundi anachonga kopa jingine la mbao nyekundu, linaingia kwenye tundu kwa kugongwa, gundi pembeni, na ubao mzima nyuma yake. Mtoto hapitishi hata ukucha. Vitanda vyote tumevifikia, kasoro chako. Ningekuja mwenyewe, lakini huko hakuna gari ila lori la dawa, na Dereva amekatazwa abiria. Simu kwenu ni pambo. Kwa hiyo kila kitu changu kimebaki kwenye karatasi hii iliyo mfukoni mwa Dereva, nami sijui imefika au bado, na Malkia anasimama.

Nisamehe. Usinisamehe kwanza. Mtoe.

Redio

Shemeji, nimeomba nafasi hapa chini. Mimi si mwandishi. Usizibe kwa kitambaa, mtoto atakivuta. Usimlaze humo kabisa mpaka nipate njia ya kufika. Mwambie mdogo wako asijilaumu kwa ukubwa wa kopa. Yeye alisema tu, msumeno niliushika mimi.
Fundi


6 Aprili

Mdogo wangu,

Malkia hakuwemo. Hajawahi kuwemo hata usiku mmoja. Pumua, halafu usikilize yanayofuata, maana hayapumuliki.

Kitanda kilipofika tulimweka, akapiga kelele mpaka wagonjwa wakaamka. Huyu mtoto halali bila kunishika sikio. Dereva alikuwa amesimama anatazama, akasema mkewe analaza mtoto wao chini kwenye mkeka, mwanamume, rika moja na Malkia. Nikampa kitanda. Niliona haya kukwambia kwamba zawadi uliyoituma kwa mapenzi nimeigawa siku ileile. Nikamwambia Dereva, "Ole wako umwambie mdogo wangu." Ndiyo maana akakucheka. Ndiyo maana nikakuandikia analala humo, vanishi hainuki. Nilikuwa nasema uongo mtamu wa kukufurahisha, nawe ulikuwa unasema uongo wa kunitunza, na katikati yetu kuna mtoto wa mtu.

Barua yako alinipa yeye mwenyewe leo, ikiwa na joto la mfuko wake. Niliifungua mbele yake. Nilipofika kwa pacha nikaacha kusoma, nikamtazama, naye akaona uso wangu. Akauliza, "Ni nani kafa?" Nikamsomea kwa sauti, sikujua la kufanya jingine. Hakungoja mwisho. Akauliza neno moja tu, "Kopa?" Nikasema kopa.

Lori lilikuwa bado na dawa zetu nusu. Amegeuza hivyo hivyo, mlango wa nyuma unapigapiga, maboksi yanadondoka njiani. Kwake ni mwendo wa siku nzima kwa lori, na hapo ni kama barabara itakubali.

Barua hii anakuletea mkaguzi wa maji, anapita kwa pikipiki. Nimewaambia wale kina mama wawili wasiagize. Nimewaambia na sababu. Mimi najua midomo ya watu inavyosema, mkunga ambaye mtoto amekufa kwa maneno yake hatafutwi tena na mtu. Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Nafumba macho nauona mlango wa lori unapigapiga.

Omba.

Dada


15 Aprili

Dada,

Mzima.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu najua unaisoma hii umeshika ukuta. Mtoto wa Dereva mzima, shingo yake nzima, nimemsikia Dereva mwenyewe akisema. Sasa kaa chini.

Barua yako iliponifikia, sikuweza kukaa ndani. Nilisimama mlangoni pa karakana kila siku nikilisikiliza kila gari kubwa linalopita. Fundi alikuwa anafanya kazi kwa nyuma, hapigi mluzi. Sikula. Nilishika nguo zangu za ndoa kabatini nikafikiri, nilikuwa nimeomba furaha, nikapewa mno, sasa bili imekuja. Jioni moja lori likasimama. Dereva akashuka, hajanyoa, macho mekundu, ubao wa kichwani uko begani mwake. Kopa liko wazi, naona anga kupitia humo. Nikagonga mlango kwa kiganja kumwita Fundi. Fundi akatoka na nyundo mkononi, akaiona sura ya yule mtu, akaiweka nyundo chini mbali naye.

Dereva akaulaza ubao mezani. Akasema, "Mke wangu anaogopa baridi. Kitanda kilipofika aliona tundu linaingiza upepo, akapigilia ubao wa kasha la soda kwa nyuma, misumari saba. Nimemgombeza kila nikirudi nyumbani kwamba ameharibu kitu kizuri cha bibi harusi. Nimefika juzi nikakuta mwanangu amesimama palepale, amepachika paji lake la uso ndani ya kopa, anaugonga ule ubao wa soda anataka kupita. Nimeung'oa, mzibe wenyewe mbele yangu." Kisha akaegemea meza, mwanamume mzima mwenye mabega yale, akalia hadi Fundi akamletea kiti.

Mimi nilikuwa nimeshakaa chini, dada.

Fundi alichonga kopa la kuziba mbele ya Dereva, akalipigilia. Dereva akalisukuma kwa dole gumba kila upande, kwa nguvu, muda mrefu. Akachukua ubao wake. Mlangoni akageuka akasema, "Barabara yote ile wananijua. Kila kituo nitawasimulia." Hakusema kama anatutishia au la, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nililala nikiwa na hakika tumekwisha. Nilimwambia Fundi, tukihama je? Akasema, "Tuhamie wapi ambako watu hawana midomo?"

Jana ameingia mwanamke simjui, mtoto mgongoni. Nikauliza kama kawaida, lakini moyo ukinipiga masikioni, "Umetumwa na nani?"

"Dereva wa lori la dawa."

"Amesemaje?"

"Alisema niwaogope kidogo. Alisema hapa walikosea vibaya, nusura wamuulie mtoto, kisha wakaja wenyewe kubisha hodi. Kasema mafundi wengine wakikosea unawatafuta wewe." Halafu akasema, "Nataka kitanda. Kisicho na tundu. Na nitakishika kila mahali kabla sijalipa."

Akakishika kila mahali. Nami baada yake. Siku hizi hakitoki kitanda karakana mpaka nimepitisha ngumi yangu kila pengo, na Fundi amepitisha yake, na bado usiku naota fito zinafunguka. Mama Pacha hajanisalimia. Kitanda amekihifadhi, pacha wanalala humo na kopa jekundu, lakini ninapopita na bisibisi yangu ananipokea mlangoni, anaichukua, anakaza mwenyewe. Namwachia. Sidhani nitawahi kuingia tena mle ndani.

Fundi amerudi kupiga mluzi leo asubuhi, kidogo, akakoma kama aliyejikumbusha. Nilimwangalia alipokuwa amelala, dada. Vumbi lile lile kwenye nyusi. Nampenda zaidi, na sasa napenda kwa hofu, na nadhani ndiyo ndoa yenyewe imeanza.

Dereva amesema sheria ya abiria ataisahau mara moja tu, atatuweka mbele, mimi na Fundi. Tutakuja kuwaambia wale kina mama wa kliniki kwa midomo yetu, ili yako isibebe mzigo peke yake. Kitanda siji nacho, Malkia ana sikio lako. Lakini kabla ya mwezi huu kwisha nitakuwa mlangoni kwako, na kabla hujanikaribisha maji, nipe mwanangu nimshike shingo kwa kiganja changu mpaka nisikie inavyopiga.

Mdogo wako,
Redio